JE, YAFAA TUFUGE KOBE SHULENI?

Bwana Mhariri amenipa nafasi katika gazeti letu la muhula huu, nami nimeona niitumie kwa jambo ambalo baadhi ya wenzangu watalicheka. Nataka kusema juu ya kobe. Najua kwamba sisi wa Kidato cha Nne tunatazamiwa kuandika juu ya mambo makubwa, kama mtihani wa Novemba au wajibu wa kijana katika taifa lake. Lakini hakuna asiyejua kwamba nyuma ya maabara kuna boma dogo la matofali, ya kwamba ndani yake yumo kobe mmoja, na ya kwamba tangu mwezi wa Februari mabweni yamegawanyika kwa ajili yake. Wengine wasema afugwe hapa shuleni daima. Wengine wasema apelekwe porini leo hii tupate kupumzika. Mimi sikubaliani na upande wo wote kati ya hizo mbili, na sababu zangu nitazieleza.

Kwanza sina budi kukiri jambo. Nilipokuwa Kidato cha Pili, katika bweni nililolala kulikuwa na kobe mwingine. Mwenzetu mmoja alimwokota njiani alipokuwa akirudi kutoka likizo, akamleta ndani ya sanduku lake la bati. Tulimpenda sana, au tulidhani kwamba twampenda. Tulimpa jina la Spika, kwa kuwa alikaa kimya wakati sisi sote tukipiga kelele. Chakula chake kilikuwa ugali na maharagwe, na siku za wali alipata wali. Mchana alikaa chini ya kitanda juu ya sakafu ya saruji, na kila ulipofika wakati wa ukaguzi alisukumwa sandukuni na kifuniko kikafungwa. Mwezi wa Julai ulipoingia, na kila aliyekaa Tabora aijua baridi ya usiku wa Julai, aliacha kula. Tukasema amelala. Watu husema, ukimwona kobe kainama ujue anatunga sheria. Basi tukaurudia mzaha huo siku baada ya siku. Mwisho tukasikia harufu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusema kwamba alikufa siku fulani. Zamu ya kumlisha wiki ile ilikuwa yangu. Kila jioni niliweka ugali mpya mbele yake na kuondoa ule wa jana, bila kumwangalia usoni.

Nimefikiri sana juu ya jambo hilo. Mbuzi akiwa na njaa hulia mpaka jirani akaja kuuliza. Mbwa hufuata watu jikoni. Hata kuku hupiga kelele mlangoni asubuhi. Kobe hana sauti ya kuombea maji. Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya cha Spika hakikuwa na mshindo wo wote, kwani alipotea kama taa iliyokwisha mafuta katika chumba ambacho watu wamelala. Tena mwili wake hufanya kazi polepole, kiasi kwamba aweza kuishi na njaa au ugonjwa kwa miezi mingi kabla ya kufa. Jambo hilo lamdanganya mfugaji, naye hudhani kwamba mnyama wake hana shida kwa kuwa bado yu hai.

Sasa nitasema habari za huyu wa nyuma ya maabara. Jumapili moja ya mwezi wa Februari nilipata ruhusa ya kwenda mjini kumwona mama yangu mdogo, akaaye mtaa wa Chemchem. Alinipa michembe na karanga, tukazungumza, kisha nikatoka uani kunawa mikono. Uani kwa jirani, chini ya mwembe, niliona watoto wawili wakicheza. Mmoja alikuwa ameketi juu ya kitu nilichodhani ni jiwe. Nilipokaribia niliona kwamba ni kobe mwenye madoadoa, wa aina ile tuionayo sana katika mapori yetu. Ukingo wa gamba lake ulikuwa umetobolewa kwa msumari wa moto, na katika tundu hilo ulipita waya uliofungwa kwenye shina la mwembe. Alikuwa amezunguka mti ule mara nyingi hata ardhi ilikuwa imefanya mfereji wa duara. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Gamba lake, ambalo lingepaswa kuwa laini kama kibuyu, lilikuwa na vilima vilima.

Nilimwambia yule mtoto ashuke kwa maana anamwumiza. Akanijibu, "Kaka, huyu haumwi. Mbona halii?"

Mwenye nyumba alikuwa bibi mzee, naye akatoka aliposikia maneno yetu. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu." Nilipomwuliza habari za kobe akasema, "Walimleta hawa wajukuu zangu kutoka shamba, mwaka jana wakati wa kuvuna. Mimi sijui hata anakula nini. Ukimtaka mchukue, utakuwa umenisaidia." Naandika maneno yake ili mtu asidhani kwamba bibi yule alikuwa mkatili. Alikuwa na wajukuu sita wa kuwalisha, na kobe hakumwomba kitu.

Sikumchukua siku ile, ingawa moyo wangu ulitaka sana. Nilijua kutoka darasani kwamba wanyama wa porini si mali ya anayewaokota. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kumfuga mnyama wa porini bila kibali, na haimtoi katika katazo hilo mtu mwenye nia njema. Kwa hiyo nilimlegezea waya, nikamsogezea sahani ya maji, nikarudi shuleni kumweleza mwalimu wetu wa Biolojia. Yeye alipeleka taarifa kwa maofisa wa wanyamapori. Baada ya siku mbili ofisa alikuja pamoja na mganga wa mifugo, wakamtazama, na shule yetu ikaruhusiwa kumtunza mpaka atakapopata nguvu. Neno hilo "mpaka" naomba msomaji alishike, kwani nitalirudia mbele.

Yafaa nieleze kidogo juu ya gamba, maana ndipo ujinga wetu ulipo mkubwa. Wengi wetu hudhani kwamba gamba ni kama kofia au nyumba ambayo kobe ameingia, na kwamba akitaka aweza kutoka. La hasha. Gamba ni mifupa yake mwenyewe. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, na juu yake pana vigae vya kitu kile kile kifanyacho kucha zetu. Ndani ya mifupa hiyo mna damu na mishipa ya fahamu. Kumtoboa kobe gamba kwa msumari wa moto ni sawa na kumtoboa mtu mfupa wa bega ili apate kufungwa kamba. Huyu wetu ukingo wake ulikuwa umefanya usaha kuzunguka waya, na mganga wa mifugo ilimbidi aukate waya ule kipande kwa kipande. Na tumbo lake, yaani bamba la chini, lilibonyea kidogo ulipolisukuma kwa kidole gumba. Chanzo chake ni ukosefu wa madini ya chokaa na ukosefu wa jua, kwani bila mwanga wa jua mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo madini hayo hayaingii katika mifupa. Mwembe ule wa Chemchem ni mzuri sana kwa mtu mwenye kupumzika mchana, lakini yeye alifungwa katika kivuli chake karibu mwaka mzima.

Siku ya kwanza nilifanya kosa. Nilikusanya chakula kingi cha kila namna, nikataka kumlisha mara moja ili nilipe deni la Spika. Mwalimu akanizuia. Alisema kwamba mnyama wa namna hii aliyekauka mwili hapewi chakula kwanza. Hupewa maji, na tumbo lililolala kwa muda mrefu huamshwa polepole. Basi tukatafuta beseni pana, tukatia maji ya uvuguvugu yasiyofika shingoni mwake, tukamweka humo kwa dakika 20 kila asubuhi. Siku tatu alikaa tu kama jiwe. Siku ya nne aliingiza kichwa chote majini, na koo lake likaanza kwenda juu na chini. Alikunywa kwa muda mrefu hata tukachelewa kengele ya darasa, na mwalimu wa zamu akatuadhibu kwa kufagia bwalo. Nilifagia kwa furaha.

Alianza kula siku ya tisa. Chakula chake kikubwa ni majani makavu na mabichi, hasa ukoka tuukatao kando ya uwanja wa mpira. Twamwongezea matembele kidogo na vipande vya mpungate tulioondoa miiba. Ugali na maharagwe hapewi kamwe, wala wali. Hata mchicha, ambao wapishi wetu walimletea kwa ukarimu, twampa kwa nadra, kwa maana ukizidi humzuia kupata madini yale ya chokaa. Tumemwekea pia maganda ya mayai yaliyosagwa na mfupa mkavu wa ng'ombe, naye huutafuna mfupa huo kama mzee atafunaye muwa. Kobe wa porini hufanya hivyo hivyo, tena hula hata kinyesi cha fisi, ambacho kina mifupa iliyosagwa tumboni mwa fisi mwenyewe. Jambo hilo lilipojulikana mabwenini liliwafurahisha Kidato cha Kwanza kuliko somo lo lote la mwaka huu.

Kila Jumamosi twampima kwa mizani ya maabara. Alipokuja alikuwa na gramu 1,740. Wiki hii ana gramu 2,210. Bamba la tumbo limekuwa gumu, na tundu la waya limekauka. Vile vilima vya gamba havitaondoka. Hivyo atakuwa navyo maisha yake yote. Na kila amshikaye hunawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa wanyama hawa waweza kuwa na vijidudu vya salmonela ambavyo haviwadhuru wao lakini hutuumiza sisi matumbo.

Mwenzangu mmoja alisema tangu mwanzo kwamba tunapoteza wakati, kwani mnyama aliyekwisha kuharibika haponi. Nilimpa mfano wa Jonathan, kobe mkubwa wa kisiwa cha St Helena katika Bahari ya Atlantiki. Yasemekana alizaliwa yapata mwaka 1832, na alifikishwa kisiwani mwaka 1882. (Sayyid Khalid bin Barghash wa Unguja, aliyehamishiwa kisiwa hicho hicho na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alimkuta Jonathan yuko huko tayari, sijui kama waliamkiana.) Katika uzee wake Jonathan alikuwa kipofu, amepoteza uwezo wa kunusa, amekonda, na mdomo wake ulikuwa ukimeguka hata hakuweza kukata majani. Daktari wa wanyama, Bwana Joe Hollins, alianza kumlisha kwa mkono matunda na mboga mara kwa mara, na mdomo wake ukawa mkali tena. Ikiwa mzee wa miaka zaidi ya 170 alipata nafuu kwa kulishwa vizuri, huyu wa Chemchem ni kijana tu.

Sasa nije kwa wale wasemao afugwe shuleni daima. Hoja yao ni kwamba amekwisha tuzoea, kwamba wageni humpenda, na kwamba hata Unguja kuna kobe wanaofugwa katika kisiwa cha Changuu na watu hulipa kuwaona. Ni kweli, lakini wenzangu hawajasoma habari hizo mpaka mwisho. Kobe wanne walipelekwa Changuu mwaka 1919, zawadi ya Gavana wa Ushelisheli. Walizaana, na ilipofika mwaka 1955 walikuwa wapata 200. Kisha watu wakaanza kuwaiba, wengine kwa kuwala, wengine kwa kuwauza ng'ambo kwa watu watakao kobe nyumbani. Mwaka 1990 walibaki kama 50. Mwaka 1996 walibaki saba. Hapo ndipo Serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa chama cha kimataifa cha kulinda wanyama, ilipojenga ua mkubwa wa kuwahifadhi, na idadi yao ikaanza kupanda tena. Kwa hiyo ua wa Changuu ulijengwa ili kuwaokoa kobe na watu wenye kuwatamani. Tena wale ni wageni, kwao ni visiwa vya mbali. Huyu wetu kwao ni hapa, katika pori la miyombo linaloonekana kutoka kwenye dirisha la darasa letu.

Na tamaa hiyo ya kuwa na kobe nyumbani haikuishia Unguja. Katika miamba ya Tanzania na Kenya yuko kobe bapa, mwembamba kama chapati, ajifichaye katika nyufa za mawe. Jike lake hutaga yai moja tu kwa mara moja. Kwa miaka mingi alikamatwa na kusafirishwa kwa maelfu kwenda nchi za mbali kuwa pambo la nyumba, mpaka mwaka 2016 Serikali yetu iliposimamisha kusafirisha nje wanyamapori walio hai, na mwaka 2019 mataifa yakakubaliana kukataza kabisa biashara ya kobe bapa watokao porini. Sisi wa Tabora tungepaswa kuielewa habari hii upesi kuliko wengine. Mji wetu ulikuzwa na misafara. Pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo walipita hapa wakienda pwani, na miembe ya njia ile ingali imesimama. Sisemi kwamba kobe ni sawa na mtu. Nasema tu kwamba mji huu umekwisha kuona viumbe wakitolewa kwao kwa sababu mtu wa mahali pengine amewapenda.

Kuna jambo jingine. Wazee wetu wa Kinyamwezi na Kisukuma walikuwa na chama cha Wayeye, washika nyoka. Mtu hakuingia katika chama hicho na kushika swila siku ile ile. Alifundishwa kwanza na wakubwa wake tabia za nyoka, dawa zake na namna ya kumshika. Waliheshimu kiumbe atambaaye kwa sababu aweza kuua. Kobe hawezi kuua, basi twamchukua bila kujifunza hata neno moja.

Wale wa upande wa pili, wasemao atupwe porini leo, nawaheshimu zaidi, maana angalau wanataka awe huru. Lakini naomba watazame nje. Mvua zimekwisha. Majani yanakauka, visima vya porini vitakauka, na karibuni mioto ya pori itaanza kama kila mwaka. Kobe aliyekaa porini siku zote ajua pa kujificha na pa kupata unyevu; huyu amekaa mwaka mzima akizunguka mwembe mmoja. Isitoshe, kobe aliyeishi na watu aweza kuwa na ugonjwa wa kifua na kuwaambukiza wenzake walio wazima, kwa hiyo yampasa kuchunguzwa na mganga kabla ya kuachiliwa. Kumtupa kando ya barabara ya kwanza tuionayo kutatuondolea mzigo sisi, yeye hakutamsaidia. Hata kumwinua kwa ghafula ni hatari wakati wa kiangazi, kwani kobe akishtuka hukojoa, na maji yale ndiyo akiba yake.

Wako pia walioniuliza, tena kwa hasira, kwa nini twahangaika na kobe na hali wako wanafunzi hapa wasio na viatu. Swali hilo si la kudharauliwa. Jibu langu ni kwamba ukoka ni wa bure, na maganda ya mayai hutupwa. Hakuna viatu vilivyokosekana kwa sababu yake. Kilichotumika ni nusu saa ya kila siku, ambayo mimi hapo kwanza niliitumia kukaa juu ya ukuta wa bwalo nikitazama njia.

Maoni yangu basi ni haya. Mwanafunzi ye yote asilete tena kobe, kinyonga wala kenge bwenini, na viranja wakague masanduku baada ya likizo kama wakaguavyo vyakula. Aliyekwisha kumpata asimtupe, amwambie mwalimu. Na kobe huyu arudi porini wakati mvua za kwanza zitakapoanza, mahali watakapopachagua maofisa wa wanyamapori, mbali na barabara na mashamba.

Shida ni moja, nayo yanikosesha usingizi. Mvua za kwanza huja Novemba, na Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutakuwa katika chumba cha mtihani. Kabla ya hapo iko likizo hii ya Juni, kisha baridi ya Julai, mwezi ule ule aliokufa Spika. Kwa likizo, wapishi wawili na mlinzi wamekubali kumtunza, nami nimewaandikia karatasi ya maelekezo na kuibandika juu ya mlango wa stoo. Lakini baada ya likizo natafuta wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu. Wasiwe wale wampendao tu. Nataka watakaoamka kabla ya kengele na kumtoa katika boma la usiku jua likipanda, watakaomrudisha kwenye majani makavu kabla ya saa kumi na mbili jioni, na watakaomtazama macho yake kila siku na kuandika waliyoyaona hata kama ni yale yale ya jana. Daftari la uzito limo katika kabati la maabara, upande wa kushoto. Aliye tayari anione nyuma ya maabara saa kumi alasiri, siku yo yote kabla ya kufunga shule.